Kikohozi Changu Ndani ya Wimbo Wako

Mwalimu,

Nilimshuku Gathogo tangu siku ya kukuzika. Mlikuwa mkigombania kazi za muziki wa filamu mpaka salamu mkanyimana, halafu ghafla analia kuliko mkeo? Ati "Ndugu yangu! Ndugu yangu!" Hata chai haijapoa, anamwomba mkeo, Mama Njeri, ufunguo wa studio yako, eti apange vitu. Nikasema huyu ana lake. Nikaambiwa nina roho mbaya.

Haya, sikia. Jumapili nilikuwa hapa nyumbani kwako, mtaani Skuta, mimi na Mama Njeri tukimenya viazi, tamthilia mpya ikaanza kwenye televisheni. Filimbi ikaingia, kisha gitaa. Kisu kikaniponyoka. Ulikuwa ule wimbo uliotungia filamu ya wakulima wa kahawa, ile iliyokwama. Mwishoni wakaandika: muziki, Gathogo. Wewe hata kutajwa hukutajwa.

Mama Njeri akasema labda ulimpa mwenyewe. Nisamehe, nilikushuku hata wewe. Siku mbili nzima nimemnunia marehemu! Naye Mama Njeri, akinimiminia chai, namtazama mikono. Si ndiye alitoa ufunguo? Nimekuwa mtu wa hivyo tangu uende, Mwalimu, na sijipendi.

Nikausikiliza tena na hedifoni zako. Gathogo ni mjanja. Nakala zote alibeba, na ule mkebe wa maziwa uliokuwa ukiugonga mara moja kumaliza kila wimbo, alama yako, mlio wake ameukata. Lakini kuna kitu hakujua. Unakumbuka tulirekodi asubuhi ya ukungu, mimi nina mafua? Filimbi ilipokuwa inanyamaza nikakohoa. Nikakuomba turudie. Ukacheka: "Wacha ikae. Si hata wewe ulikuwepo?"

Bado kimo, Mwalimu. Kidogo tu, chini ya gitaa. Pengine alidhani ni ngoma. Nilikisikia nikalia mpaka Mama Njeri akaja kunishika, na nikamwonea haya.

Nimewapelekea wenye tamthilia malalamiko, nao wametuita Jumanne ijayo, mimi na Gathogo. Yeye atakuja na suti na maneno matamu. Mimi nitakuja na mkebe wako. Nitaomba wimbo upigwe, kisha nimuulize mbele ya wote: pale filimbi inaponyamaza, ni nani huyo anakohoa?

Akikosa jibu, nitakohoa.

Lala salama, Mwalimu wangu. Sitoki kwenye chumba hicho bila jina lako.

Mwanafunzi wako,
Wairimu