Ng'ombe za Nasambu na Simu ya Wafula

Tuwan, Kitale

Kwa mdogo wangu Wekesa, huko Kabuchai.

Mulembe. Mimi niko na miaka sabini na sita. Nimeishi kuliko gramafoni ya baba, kuliko kaseti, floppy, CD, na cyber tatu za hapa Tuwan zilizofunguliwa na vijana wa digrii zikafungwa nikiangalia. Daktari mmoja alisema huu mguu utakatwa. Yeye amestaafu, mguu ninao. Nyinyi mko aje? Shemeji ameacha kukohoa? Mahindi yamefika wapi? Mimi ni mzima isipokuwa goti, na roho imechafuka kwa sababu yenu.

Naandika kwa kompyuta, kidole kimoja, kwa sababu mwanao Wafula aliniondoa kwa grupu ya familia. Ati voisi zangu ni ndefu. Shule niliachia darasa la tatu, sifichi. Lakini hii kompyuta niliipata ikiwa imekufa, nikaifufua na mikono yangu, na haijawahi kuonja intaneti. Watu wananiambia niiapdeti. Niiapdeti ya nini, na inafanya kazi? Hao hao wananiletea laptop zao zikiwa nzito baada ya kuapdeti, wananicheka huku wananiomba nizitengeneze. Picha zao wameweka kwa wingu, wakisahau paswodi wanalia. Vitu vyangu viko kwa diski, diski iko kwa sanduku, sanduku iko chini ya kitanda, na kitanda nalalia mimi.

Sasa Nekesa binti yako amenipigia akilia. Ati wazee wa kijana anayetaka kumuoa walikuwa wamekaa kwako, chai imenywewa, Wafula akasimama na simu. Akasema ile programu ya kujibu maswali imepanga ukoo wetu wote, na imeonyesha kwamba Nasambu, nyanya ya huyo kijana, ni binti wa ndugu ya babu yetu. Kwa hivyo ni damu moja, hakuna ndoa. Wale wazee wakakataa, wakaonyeshwa kioo cha simu. Wakaondoka bila kula. Halafu mkapeleka maneno kwa grupu, watu kumi na saba wakabonyeza kidole gumba. Wekesa, tangu lini sisi tunakata neno la ukoo na kidole gumba?

Usiseme nachukia mashine. Nazipenda kuliko nyinyi wote, ndio maana siziamini ovyo. Niliomba simu ya jirani yangu Njoroge, fundi wa viatu, ambaye anasoma haraka. Programu ni ile ile. Tukaiuliza baba ya babu yetu ni nani. Ikataja jina kwa heshima, utafikiri ilikula kwa matanga yake. Nikamwambia Njoroge arudie swali. Ikataja mwingine. Mara ya tatu, mwingine tena. Njoroge akaangusha sindano.

"Mzee," akaniambia, "leo umeokota mababu watatu."

Mtu akija mbele ya wazee akataja baba watatu wa mtu mmoja, si tungemfukuza? Lakini hii inaongea Kiswahili safi, haina kigugumizi, basi mnainamisha kichwa. Wafula aliandika majina anayoyajua, na pale hajui, mashine ikajijazia. Mashine nzuri ni ile ikikosa kitu inakuambia imekosa. Hii kompyuta yangu nikiuliza faili na haiko, inasema haiko.

Mimi nilirekodi Senge Nafula, dada ya baba, akiwa hai, na mkanicheka bana, ati mzee anacheza na simu. Sikia vile alisema:

"Nasambu alikuja kwetu na mama yake wakati wa njaa. Walikaa mavuno manne, baba yake akaja kuwachukua. Alipoolewa, ng'ombe za mahari zilienda kwa baba yake. Sisi hatukula hata mkia."

Msichana wetu aolewe, na sisi tusile ng'ombe hata moja? Nani huyo wa ukoo wetu angenyamaza?

Sauti ya Senge nimeweka kwa hii flash. Chomeka kwa redio yako ile ya nyimbo za kanisa, sikiliza na shemeji mpaka mwisho. Usimpe Wafula aifupishe. Halafu uende kwa wale wazee na miguu yako, useme tulikosea. Si kwa meseji. Kwa grupu sirudi hata mniite na tarumbeta. Harusi ikiweko nitakuja na goti langu. Isipokuweko, kwako sitakanyaga.

Salimia shemeji. Nekesa mwambie asirudishe kitambaa cha nguo ya harusi. Hata Wafula msalimie, ana akili, amekosa tu kuuliza watu.

Ni mimi kaka yako mkubwa, Khisa.

Wa kunishuhudia ni hawa. Mababu watatu, uliza Njoroge fundi wa viatu, kibanda chake kinatazamana na posho mill. Sauti ya Senge, uliza mke wa pasta wenu, yeye ndiye alishika simu nikirekodi. Na mambo ya ng'ombe, uliza Nasambu mwenyewe. Yuko hai, hapo Mabanga, kila asubuhi anachambua maharagwe mlangoni. Mmeuliza simu, na hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza yeye. Ukifika, kaa upande wa kushoto. Sikio la kulia halisikii.