Bao la Jiwe la Kanama

Baba, shikamoo.

Jana Mama Solange, jirani yangu hapa Gisenyi, alinipeleka shambani kwake Kanama. Katikati ya maharage kuna jiwe pana kama kitanda, na juu yake mashimo yamechongwa safu kwa safu. Nililitambua kabla hajafungua mdomo. Ni bao.

"Iko ya bazee ya zamani sana," akasema. "Hakuna mutu anajua nani alichonga."

Mikono ya wachezaji imeyalainisha mashimo yote, isipokuwa la pembeni, ambalo mchongaji alilianza tu akaliacha. Mama Solange akaweka kikombe chake hapo, akamimina maharage ya kikapuni, tukacheza. Nikaanza kulinda nyumba, lile shimo la kuhifadhi kete, kama ulivyonifundisha. Akacheka.

"Huku hakuna nyumba, dada. Huku tunakulaka kete tu."

Akanifunga kabla ukungu haujapanda kutoka ziwani. Mara ya pili nikamfunga mimi, kwa ujanja wake mwenyewe. Jioni tukazichemsha kete zetu, tukazila na viazi.

Kaka ananiambia kwamba tangu niondoke hukubali kucheza na mtu yeyote, na bao letu liko sebuleni vilevile tulivyoliacha. Vizuri. Mchongaji wa Kanama aliacha kazi yake katikati na jiwe lake bado linachezwa. Lifunike letu kwa kanga ya Mama, ule vizuri, ulale mapema.

Nakuja Jumapili. Kete usiziguse, Baba. Zamu ilikuwa yangu.

Binti yako,
Neema