Kiti cha Mbele cha Boza

3 Machi
Mke wangu,
Hujambo? Bibie wetu hajambo? Na huyo wa tumboni bado anacheza mpira? Mimi mzima, ila vumbi tu. Huku simu hazishiki, kwa hiyo barua nampa dereva wa boza la maji. Juzi tulifungua kisima cha gesi. Bado kinarudisha maji tuliyosukuma chini kupasua mwamba, na gesi inakuja kwa kukohoa. Bosi amesema aliyekifungua haondoki mpaka kitiririke chenyewe siku mbili mfululizo. Nimekifungua mimi. Nitawahi, naahidi.
Baba Bibie

9 Machi
Baba Bibie,
Salamu nyingi. Sisi wazima, miguu tu imevimba. Ahadi zako nazijua. Bibie alizaliwa wewe ukiwa kwenye kisima kingine. Uliporudi alikukimbia, akakuita mjomba. Mkunga anasema bado wiki mbili. Kiharakishe hicho kisima, au nije nikigombeze mwenyewe?
Mama Bibie

14 Machi
Mke wangu,
Natumaini mko salama. Afya ninayo, raha sina. Nilikiharakisha kweli. Bosi alipokwenda kula, nilipanua tundu la kutolea gesi kuliko tulivyopanga, ili maji yaishe mapema. Gesi ikaja kwa kishindo, ikazoa mchanga, bomba likaziba. Sasa maji yamejaa kisimani na gesi haina nguvu ya kuyainua. Bomba tumelizibua, kisima tumekifunga, tunangoja presha ijikusanye, kisha tufungue kidogo kidogo. Nashinda nikikodolea macho geji ya presha. Mwambie mtoto asitoke kwanza, tafadhali.
Baba Bibie

20 Machi
Mume wangu,
Hujambo huko? Mimi nimesubiri, mwanao amekataa. Ni wa kiume, mzima, kachukua paji lako lote. Jina hatujampa. Tunakungoja wewe.
Mama wawili

25 Machi
Mama wawili,
Pole na hongera! Kinatiririka, siku ya pili leo. Dereva kaniwekea kiti cha mbele Alhamisi. Mwambie Bibie mjomba anakuja.
Baba yao

28 Machi
Baba yao,
Hatujambo. Boza limefika. Bibie alikimbilia mlango wa mbele, akakuta kiti kitupu. Dereva anasema kisima cha jirani kimeziba, na bosi kasema, "Huyu keshajua kuzibua, abaki."
Bibie kapanda, kakaa kwenye kiti chako, kajifunga mkanda. Nimembembeleza, nimemfokea, hashuki. Dereva amezima injini. Anamngoja yeye ashuke, ndipo aichukue barua hii.
Mama wawili