Udongo Aliouleta Njagi

Mwaka umepinduka, Baba yetu Gedion Muchangi, tangu tulipokulaza upande wa chini wa shamba la kahawa hapa Runyenjes. Nyumba imepoa. Mama bado huchagua maharagwe jikoni kila jioni, lakini hana wa kumsomea. Wewe ulimsomea kila ukurasa wa riwaya zako, na pale asipocheka ulikata mstari.

Tunayakumbuka maneno yako. Mapenzi ni uji, ulisema, ukiacha kukoroga unashika chini. Shujaa ni mwoga aliyekosa pa kukimbilia. Kila mtu humwona jirani yake kitabuni, mwenyewe hujipita bila salamu. Na mwanafunzi aliyekuja kuazima kitabu hukumnyima, hata yule uliyejua hatarudisha.

Lakini ndugu yako Njagi wa Siakago hakuachwa ajipite. Ulipoandika juu ya kijana aliyejificha ghalani wezi wa mbuzi walipokuja, akamwacha mama yake nje akipiga nduru, watu wa soko walisema huyo ni Njagi. Wakamwita Wa Ghalani mpaka uzeeni. Akaacha kukanyaga kwako. Nawe, Baba, ulijua aliyejificha ni wewe. Mama alikusihi uende ukamwambie, ukasema atapoa tu. Wewe uliyeandika habari za ushujaa zikasomwa hadi Meru, hapo ulishindwa. Inatuuma kulisema, lakini tunaliandika hapa ili wa sokoni nao wasome.

Siku ya mazishi Njagi alisimama langoni. Mchungaji alipowaita ndugu watie udongo, hakusogea.

Mwezi uliopita Mama alichoka kubeba siri hiyo. Alishuka Siakago, akamkuta shambani akichuma muguka, majani yale ya kutafuna.

"Shemeji, wa ghalani kule kitabuni hakuwa wewe," alimwambia. "Alikuwa mume wangu."

Njagi alitua kikapu chini. Kisha akauliza, "Mbona hakuniambia yeye mwenyewe?"

Mama alirudi nyumbani na swali hilo. Nasi tunakuuliza wewe.

Jumapili iliyopita Njagi alikuja, amefunga kwenye kitambaa udongo wa boma la mama yenu. Lo, Baba, sisi tulikuwa tumeshakujengea, saruji chini na vigae vyeupe juu, tukijua tunakuheshimu. Mzee wa watu alilizunguka kaburi akitafuta pa kuutia. Hakupaona. Akaketi ukingoni, akalia mpaka Mama akaenda kumshika mkono.

Fundi anakuja Jumamosi kung'oa vigae na saruji ya upande wa kichwani. Kesho yake, baada ya ibada ya kumbukumbu yako, Njagi atatia udongo wake, na hapo hatutapaziba.

Unakumbukwa na mkeo Wawira, wanao Karimi na Misheck, wajukuu wako wote, na ndugu yako Njagi, ambaye ametuambia tumwandike.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, hata kwa hilo ulilolinyamazia.