Karti ya Anselme Haipokelewi

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimu toka Goma, mimi bibi arusi mwenye mvi! Dada yako Kavira amejifungua msichana, na mume wangu Anselme bado ananiita "chérie", yaani mpenzi, mbele ya majirani, nami nayeyuka kila mara.

Unauliza kama tumempata daktari wa kumtibu Anselme tumbo lake. Madaktari wako. Anayepokea karti ya bima ya serikali ndiye hayuko. Tulianzia Birere, tukafika hadi barabara ya Kibati. Kila mahali wanaisoma karti yake ya mwalimu mstaafu, kisha wanairudisha na kumwambia:

"Papa, serikali ya hii karti iko Kinshasa. Hapa wanatawala wengine, nani atatulipa?"

Anselme akanigeukia. "Bibi arusi, walikudanganya! Muzee hatumike, na karti yake haitumike."

Nilicheka, lakini machozi yalitangulia.

Nilipokuwa msichana huko Butembo, baba yangu aliugua tumbo vilevile. Mama akaacha chumvi na pilipili, akala naye uji uleule katika sahani moja. Nikamwuliza kama naye anaumwa. "Mutu hawezi kugonjwa peke yake," akajibu. Niliona ni upumbavu, kwa sababu uji haukumponya baba.

Leo nimepika uji bila chumvi. Anselme anapungua, na sijui mlango gani umebaki wa kugonga. Nimeweka vijiko viwili katika sahani moja. Furaha, sijawahi kula kitu kitamu namna hii, wala kuogopa hivi sahani isije ikaisha.

Ni mimi bibi yako, mke wa Anselme.