Mvuto wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Nimesafisha bastola kama kila Jumatatu. Mafuta, kitambaa, mswaki mkuukuu. Nyani wako kwenye ndizi tena. Nikitokea na mkanda kiunoni wanakimbia. Wananijua. Kijiji chote cha Hewani kinanijua.

Mwanangu Jilo amepigiwa simu kutoka Garsen. Wenye leseni ya bastola tukapimwe upya Jumatatu ijayo, tupige risasi mbele ya afande. Anayeshindwa anaiacha huko huko. Mimi, kupimwa. Nilikuwa na duka Garsen enzi majambazi wanateka magari barabara ya Lamu. Duka langu hawakuligusa. Upuuzi mtupu.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu tupu, bila risasi. Nyundo, kile kichuma cha nyuma kinachogonga risasi, imelala, nikavuta triga. Kidole kikakwama katikati. Nikavuta tena. Kikatetemeka kama cha mlevi. Nakichukia kidole hiki.

Mama Jilo ameona. Akasema, "Baba Jilo, siku hizi hata kopo la maziwa nakufungulia mimi." Chakula sikula.

Ijumaa, 7 Machi
Jilo anasema niuze, ninunue ya plastiki, triga yake laini. Nilishika moja mwaka jana. Nyepesi kama jagi la maji. Nyundo haionekani. Jogoo bila kishungi. Inatapisha.

Mhindi aliyeniuzia yangu Mombasa alinieleza, na sijasahau hata neno. Bastola za kwanza za magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ulitembea nyundo imesimama, ukijikwaa umekwisha. Au nyundo imelala, adui akungoje uiinue kwa kidole gumba. Mjerumani akakaa akafikiri. Akafanya triga yenyewe iinue nyundo na kuiachia. Mvuto wa kwanza mrefu, mzito, makusudi, isilipuke ovyo. Ikishalipuka inajisimamishia nyundo, mvuto wa pili mwepesi. Akaweka na kidude ubavuni, ukikibonyeza nyundo inalala na risasi haitoki. Mtaliano akaiga, dunia nzima ikaiga. Hiyo ndiyo akili. Leo wanatuletea majagi.

Nimechua kidole kwa mafuta ya nazi. Bado.

Jumatatu, 10 Machi
Garsen. Afande ni mwanamke, umri wa mjukuu wangu. Kiunoni plastiki.

Masharti: bastola itoke mkandani risasi imo, nyundo imelala, upige. Nikavuta. Haikwenda. Nikatia vidole viwili. Haikwenda. Mdomo wa bastola ukahama shabaha. Wenzangu wakatazama viatu vyao. Huruma yao ningeitemea mate.

Afande akanisogelea. Akasema chinichini, "Baba, inua nyundo na kidole gumba, itakuwa nyepesi. Mimi naangalia kule."

Akageuza uso kweli.

Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya nyundo. Mjerumani aliumiza kichwa ili mtu asihitaji kidole gumba, halafu mimi nipitie mlango wa uani kama mwizi wa kuku. Na siku ya jambazi, nani ataangalia kule?

Nikakitoa kidole. Nikamwambia, "Afande, geuka. Nimeshindwa. Andika."

Nikachomoa magazini, nikavuta kifuniko cha juu, risasi ikadondoka, nyundo ikasimama. Nikabonyeza kidude, nyundo ikalala kimya. Ndivyo inavyokabidhiwa bastola. Afande alikuwa hajawahi kuona. Akaniomba nirudie. Nikarudia mara mbili, polepole, mara ya pili kwa ajili yangu.

Jilo alinileta nyumbani na pikipiki. Akasema pole baba. Nikamwambia aangalie barabara.

Alhamisi, 13 Machi
Mkanda nimeuvaa mtupu. Unaning'inia upande mmoja kama ulimi wa mbwa. Nimeuvua.

Jumatatu, 17 Machi
Nimetoa mafuta na kitambaa, nikavipanga mezani, ndipo nikakumbuka. Mama Jilo akachukua mafuta, akatia kwenye bawaba za mlango.

Nyani wamekuja. Nimetoka bila mkanda, nikasimama kwenye migomba. Yule dume mkubwa alinitazama sana. Mwisho wakaondoka.

Hawakukimbia. Walitembea.