Kesi ya Baba ni Kesho

Marahaba, Elia mdogo wangu. Barua yako imefika, na huku sote ni wazima. Mama anakusalimu, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Umeniuliza kama ni kweli Baba atafungwa. Sijui, lakini nitakueleza nilichoona, maana nilikaa naye mbele kwenye pikapu akiendesha.

Tulikuwa tunarudi Same kutoka Msangeni, tulikokwenda kupeleka mahari ya kaka. Wakwe walimpa Baba kibuyu cha dengelua, ile pombe yetu ya miwa, na unajua kwetu baba wa bwana harusi hawezi kukirudisha kikiwa kimejaa. Kwenye kona za kuteremka, gurudumu la upande wangu likatoka barabarani, nikaona bonde tupu chini ya dirisha. Baba akacheka. Akakata usukani, tukarudi barabarani.

Tulipokaribia Same, askari wa barabarani akatusimamisha. "Mzee, umekunywa?"

"Pombe sijanywa, afande. Ni dengelua ya mahari tu."

"Basi twende nayo hospitali, wakaipime kama inajua mahari."

Damu ilipimwa, Baba akashtakiwa. Wanasema ni faini au kifungo, na leseni anaweza kunyang'anywa. Nimeambiwa hakimu hajali kibuyu kilitoka kwa nani.

Kesi ni kesho, nami nimeitwa shahidi. Baba ameniambia, "Sema ulichoona, mwanangu," kisha akageukia ukutani. Unajua hata darasani nilikuwa naogopa kusimama. Kesho nitasimama nilieleze lile bonde, na Baba atakuwa ananisikiliza.

Tuombee.

Dada yako,
Nakunda